Kisanduku cha Udhaifu

Nekesa mwanangu,

Blanketi, sufuria na vyeti vyako tumeshavifunga, na habari za kuishi vizuri na majirani umezisikia mpaka zimekuchosha. Sitazirudia. Naandika kwa sababu ya neno ulilolisema tukila, ukacheka, nami nikainuka nikajifanya naenda jikoni kutazama chai.

Ulisema, "Mama, mimi hata siogopi hiyo tathmini. Si Mwalimu Idrisa ndiye mwalimu mwandamizi huko Chwele? Yeye ndiye atakuwa ananijazia fomu. Atanichunga bana, itakuwa tu kama nyumbani."

Chai ilikuwa hata haijawekwa motoni. Nilisimama pale jikoni nikishika meza, nikasikia unavyoimba ukiosha vyombo, na nikajua nisipokueleza leo utaelezwa na mtu mwingine. Wewe unamjua Idrisa kama mwalimu aliyekufundisha hesabu darasa la saba ukaacha kuiogopa. Unajua alihamishwa kutoka shule yangu akaenda mbali na nyumbani kwake. Uliponiuliza kwa nini, nilikwambia ni mambo ya ofisi. Hayakuwa mambo ya ofisi. Ni mimi niliyemharibia kazi, tena sikuwa hata nimemkasirikia.

Siku hizo, fomu hizi ambazo unakaa chini na mkubwa wako mkajadiliana na kutia sahihi nyote wawili zilikuwa hazijaja. Kulikuwa na ripoti ya siri. Mwisho wa mwaka mwalimu mkuu alijifungia ofisini akamwandika kila mwalimu wake: anavyofundisha, anavyovaa, anavyoelewana na wazazi. Mwenye kuandikwa hakuona wala hakuulizwa, kama maiti anayeoshwa. Karatasi iliingia kwenye bahasha, ikapelekwa ofisi ya elimu mjini, ikalala kwenye faili ikimngoja.

Mwaka wa kwanza nilipopewa shule nilijaza ripoti zangu kwa moyo wote. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilitaka niwe wa haki, na kwa walimu watano sikuona cha kulaumu, basi kisanduku cha udhaifu nikakiacha wazi. Nikazipeleka mwenyewe hapa Kitale mjini, nimevaa suti yangu ya kahawia. Wiki moja baadaye nikaitwa. Karani wa ofisi ile, mtu wa kwetu Bungoma, alizisukuma kwenye meza upande wangu.

"Madam, hizi zimelejeshwa. Hawa watano hawana udhaifu?"

"Sijauona."

"Mkubwa anasema hakuna mwalimu hana udhaifu. Ati ukiacha wazi inaonekana hukufanya kazi. Andika kitu tu."

"Niandike nini na mimi sijaona kitu?"

"Kitu kidogo, madam. Kila mtu huandika. Ati hapendi michezo, ati sauti yake iko chini. Hiyo ni ya kujaza tu, nani atasoma?"

Alinipa kalamu yake. Niliketi kwenye benchi la wageni, mkoba magotini, nikaanza kuwatafutia watu makosa. Madam Naliaka nikamwandika kwamba hapendi michezo. Alikuwa na mimba ya pacha ya miezi minane, ulitaka akimbie mbio za kijiti? Barasa nikamwandika kwamba ana sauti kubwa mno. Wengine wawili vivyo hivyo. Nilikuwa nikitabasamu, Nekesa. Nilijiona mjanja, nimepata udhaifu usiomuumiza mtu.

Nilipofika kwa Idrisa kalamu ikakwama. Yule mtu alikuwa akipitia mtaa wa Kipsongo asubuhi na baiskeli yake kabla ya kengele, siku za soko, kuwatoa wanafunzi wetu kwenye kubeba mizigo ya watu na kuwaleta darasani. Maandalio yake ya masomo yalikuwa safi. Hakunywa, hakugombana, hakupiga mtoto. Nilikaa pale mpaka karani akaangalia saa ya ukutani, na ndipo nikakumbuka Ijumaa.

Unaikumbuka Ijumaa yenu ya darasa la saba. Mchana baada ya chakula nilikuwa nikiingia mimi, nawafundisha insha, nawe ulikuwa ukiona haya kufundishwa na mama yako mbele ya wenzako. Hukuwahi kuuliza kwa nini mwalimu mkuu mwenye kazi nyingi alikuwa akifundisha kipindi hicho kimoja. Kilikuwa cha Idrisa. Alikuja kwangu muhula wa kwanza akaniambia kwamba swala ya Ijumaa huisha saa nane kasoro dakika ishirini, na kutoka msikitini mjini mpaka shuleni kwa baiskeli hufika saa nane na robo. Nikamwambia hilo si neno, tubadilishane. Mimi nikachukua Ijumaa yake, yeye akachukua Jumanne yangu asubuhi, darasa la sita. Hakudaiwa hata dakika moja. Alinishukuru mpaka nikaona aibu.

Hicho ndicho nilichokiandika. Kwenye kisanduku cha udhaifu niliandika kwa mwandiko mzuri: *Huchelewa vipindi vya mchana.* Ruhusa niliyompa kwa mdomo wangu niliigeuza kosa lake, kwa sababu karani alitaka kufunga aende akale.

Unaweza kusema ni sentensi moja tu. Nami nilisema hivyo. Lakini nilikuwa naweka nakala za ripoti kwa karatasi ya kaboni, na mwaka uliofuata nilizitoa nikanakili. Mwaka wa tatu nikanakili. Wa nne, ule wa elimu ya bure, watoto walijaa mpaka wakakaa sakafuni, mimi nilikuwa natafuta madawati mchana na usiku. Nilinakili hata bila kusoma. Pacha wa Naliaka walikuwa wanakimbia uwanjani na mama yao bado hapendi michezo. Wengine haikuwadhuru kwa sababu hawakuomba cheo. Idrisa aliomba.

Na kile cheti kilichotundikwa sebuleni, unachokipangusa vumbi kila Jumamosi, nilipewa mwaka huo huo. Mwalimu mkuu ambaye ripoti zake zilikamilika na kufika kwa wakati. Nilipiga picha nacho. Hakuna aliyeuliza kama ni za kweli, na mimi sikuona sababu ya kujiuliza.

Idrisa aliitwa kwenye mahojiano ya unaibu wa mwalimu mkuu. Shule nzima tulijua ataupata. Alirudi siku ya pili yake, akangoja walimu watoke, akabisha mlango wangu ingawa ulikuwa wazi.

"Madam, waliniuliza swali sikulielewa. Waliniuliza mbona miaka minne sijajirekebisha."

Nikaanza kupanga madaftari mezani.

"Nikawauliza, nijirekebishe nini? Wakatazamana, wakafunga faili. Wewe unajua ni nini?"

Hapo mwanangu ndipo pa kunihukumu. Pale kwenye benchi nilikuwa mgeni wa kazi, na miaka ya kunakili nilikuwa mvivu. Lakini siku hiyo nilijua vizuri kabisa nilichofanya, na mtu amesimama mbele yangu ananiuliza. Nikamwambia, "Mwalimu, ripoti ni ya siri. Sheria hainiruhusu kusema yaliyomo."

Akasema, "Sawa, Madam." Akaurudisha mlango taratibu.

Alikata rufaa. Ofisi ikaniandikia, ikaniuliza kama ninathibitisha niliyoyasema miaka minne au nina la kubadilisha. Ilikuwa barua fupi na ya heshima. Ningeweza kuijibu kwa sentensi mbili. Lakini mwezi uleule afisa wa elimu alikuwa amewakusanya walimu wakuu wote akatuambia kwamba atakayepatikana ametoa ripoti ya uongo atavuliwa cheo arudi kushika chaki. Alisema akitutazama mmoja mmoja, na mimi nikaona kama ananitazama mimi peke yangu. Watu watakuambia mama yako alikuwa mjane mwenye mtoto wa kusomesha, alikuwa hana budi. Usiwaamini. Mshahara wa mwalimu wa kawaida ungetutosha, tungekula mboga na tungeishi. Nilikipenda kiti. Nilipenda wazazi wasimame ninapoingia. Niliandika: *Nathibitisha.*

Baada ya hapo sijui nani alimwambia nilichoandika. Huenda ni yule karani, siri za ofisi ile zilikuwa zinavuja kama gunia bovu. Ijumaa iliyofuata, saa nane kasoro dakika mbili, Idrisa aliingia ofisini kwangu. Shati limemlowa jasho, limegandamana mgongoni, suruali ina matope ya barabara. Alikuwa ametoka swalani kabla ya watu kumaliza kusalimiana akaiendesha ile baiskeli kama mwizi. Alifungua kitabu cha mahudhurio mbele yangu, akaandika saa na dakika, akakigeuza nione.

"Saa nane kasoro mbili, Madam."

Kipindi hakikuwa hata chake. Kilikuwa changu, nilikuwa nimeshika chaki tayari kuja kwenye darasa lake. Alifanya hivyo muhula mzima, kila Ijumaa, mvua ikinyesha au isinyeshe, bila ukali na bila kuongeza neno. Nikaanza kuziogopa Ijumaa. Ningemwambia mara moja tu, "Mwalimu, keti, nimekukosea," yangekwisha. Badala yake nilipeleka jina lake lilipotakiwa jina la mwalimu wa kuhamishwa.

Ndiyo. Hilo nalo nililifanya mimi. Nilikuwa nimechoka kumwona.

Alipangiwa Chwele. Tulimwandalia chai ya kwaheri, wewe ulikuwa sekondari bweni, hukuwepo. Nilitoa hotuba. Nikamwita nguzo ya shule, watu wakapiga makofi. Baadaye wakati wa kuagana alinipa mkono, akasema polepole, wengine hawakusikia, "Madam, mimi niliamini ile Ijumaa ulinibadilishia kwa roho safi." Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilimsogezea sahani ya mandazi. Mimi mwenye maneno, niliyewahi kuwanyamazisha wazazi mia kwa sentensi moja.

Mke wake amebaki hapa mjini na mama mkwe aliyepooza upande mmoja. Idrisa huja Jumamosi, huondoka Jumapili jioni. Watoto wake wamekua na baba wa siku moja na nusu. Nikienda sokoni huwa nazunguka nyuma ya posta nisipite mlangoni kwao, halafu nakuambia ni kwa ajili ya jua. Ningekuwa nilimchukia ningejua pa kuanzia kutubu. Sikuwa na chuki. Kisanduku kilikuwa tupu, nikakijaza na maisha ya mtu.

Sasa umesubiri ajira miaka yote hii, na walipokupeleka shule ileile nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilifikiri atakavyoketi nyuma ya darasa lako na fomu kwenye paja, wewe mgeni wa kazi, na yeye akifika kwenye sehemu ya udhaifu ainue macho akuangalie, aione sura yangu. Unafanana na mimi sana, hasa ukiwa na hofu.

Jumanne nilikuambia nakwenda Bungoma kununua kitambaa cha pazia. Nilikwenda ofisi ya elimu ya huko, inayosimamia Chwele, kuomba ubadilishiwe shule. Kijana mmoja mpole alinipa fomu, akasema, "Mama, andika tu sababu hapo chini, tutaangalia." Nikakaa. Nikaandika: *Mwalimu mwandamizi wa shule hiyo ana.* Nikaona mkono wangu umeshika njia yake ya zamani. Nilikuwa natafuta udhaifu wa Idrisa, mara ya tano, kwa kalamu ya ofisi, na neno lilikuwa limeshafika kwenye vidole. Ana kinyongo. Hilo ndilo nililotaka kuandika. Mtu ambaye hajawahi kuninyooshea hata kidole.

Niliichana ile fomu. Usidhani nilifanya hivyo kwa wema, niliogopa. Kijana akauliza, "Mama, umekosea? Si nikuletee ingine?" Nikamwambia imetosha. Nilirudi Kitale bila pazia, nawe ukanitania kwamba ninazeeka.

Utakapokuwa huko utapewa fomu kabla hazijajazwa, uambiwe utie sahihi mapema kurahisisha kazi. Kila mtu hufanya hivyo, na watakuona mwenye maringo ukikataa. Mimi niliwafanya walimu wangu watie sahihi kwenye karatasi tupu hata baada ya fomu mpya kuja, ile iliyoletwa ili mambo ya siri yakome. Nilikuwa nazipanga kama kadi, natia alama jioni. Tulibadilishiwa fomu, mikono ikabaki ileile. Siku moja nawe utapewa watu wa kuwaandika. Sikutakii isije, maana unafaa. Ikija, na ukakosa la kumwandika mtu, kiache kisanduku wazi, zikirudishwa zipeleke tena wazi, waseme hukufanya kazi. Utaonekana mzembe na hutapata cheti. Mimi ninacho, na umekiona kinavyong'aa.

Lakini linaloniuma leo ni jingine. Najua Idrisa atakuandika haki. Namjua. Na akikuandika haki, kuna siku atakukuta na kosa, maana una haraka, hupendi kusahihisha madaftari, na mtoto mzito humkatia tamaa upesi. Hayo nimeyaona mwenyewe ukinisaidia likizo. Siku hiyo utakuwa na jibu tamu mdomoni. Utasema analipiza kisasi cha mama yangu. Kila mtu atakayesikia kisa hiki atakuamini, na yeye hataweza kujitetea, kama vile hakuweza mara ya kwanza. Jibu hilo ni mimi niliyekupa kwa barua hii, na nilisitasita kuandika kwa sababu hiyo. Akikuandika udhaifu, kaa nao. Usome mara mbili. Huenda ni kweli, Nekesa, na kama ni kweli, ni ripoti ya kwanza ya kweli kuandikwa kati ya nyumba yetu na yake.

Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Usimpelekee salamu zangu wala sukari. Asipotaka kukuzoea, ana haki. Akikupokea kama mtoto wake, kama ninavyodhani atafanya, hilo litakuwa gumu zaidi kulibeba, nami sina dawa yake.

Barua ya kuiambia ofisi kwamba yale ya miaka minne nilitunga nimeiandika. Ni sentensi nne. Niliwahi kuandika mbili kama hiyo, nikazichoma, kwa hiyo usinisifu. Idrisa bado ana miaka sita ya kazi, anaweza kupata shule yake. Mimi nimebakiza miwili, na wakinivua cheo nitaimaliza darasani, chini ya kijana niliyemfundisha kushika chaki. Nikiwazia hilo nataka kuichoma na hii, hata sasa, hata baada ya kukuandikia haya yote. Sitakuahidi kitu. Ahadi zangu zilikuwa nzuri sana kwenye karatasi.

Kesho ni Jumatatu. Gari lako linaondoka saa mbili, saa ileile ofisi ya elimu inapofunguliwa, nayo iko ng'ambo ya barabara tu kutoka stendi. Usitoe kichwa dirishani kunipungia mkono. Nitazame tu ninaelekea upande gani.

Mama yako,
Nasimiyu